Tai ya Kumtoa Jovina

Kijiji chetu cha Kanazi, karibu na mpaka wa Burundi, kilikuwa na watu wawili tu waliojua kufunga tai, mimi na Mzee Habimana, na Mzee Habimana alikuwa ameshaacha kazi hiyo kwa sababu mikono yake ilianza kutetemeka. Wengine walikuwa na tai lakini hawakujua kuzifunga. Waliniletea mimi, Idefonsi fundi cherehani, nikawafungia mara moja, wakaondoka nazo zikiwa zimefungwa tayari, wakazitundika kwenye msumari ukutani karibu na rozari. Siku ya shughuli mtu analegeza kitanzi, anapitisha kichwa, anavuta. Shughuli ikiisha analegeza tena na kuirudisha msumarini. Fundo langu moja liliweza kuishi miaka mitatu, mpaka mke mwenye bidii aifue ile tai na kulifungua, na hapo mume alikuja kwangu amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyefua.

Nayasema haya mjue kwamba nilikuwa na jina, na kwamba jina hilo lilinivimbisha kichwa. Mtu asiyejivuna hafanyi kosa nililolifanya.

Tai zilianza kuwa nyingi mwaka wa tisini na nne, Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo na kujaa kambi ya Benaco mpaka vilima vikabadilika rangi. Nguo za msaada zilikuja kwa marobota, na ndani ya marobota zilikuwemo tai za kila namna, za maua, za mistari, nyingine zina picha za bata. Sasa mtu aliyekimbia na godoro kichwani afanye nini na tai ya bata? Waliziuza sokoni kwa fungu. Watu wetu walizinunua wakafungia kuni, wakafungia suruali zilizowapwaya. Shemeji yangu Bulugu, Msukuma kutoka Shinyanga aliyemuoa dada yangu Petronila na kuhamia naye Nemba, kule Biharamulo, alimfungia ndama wake tai ya hariri. Nilimfokea siku hiyo. Akaniambia ndama amependeza.

Lakini mashirika yalipoanza kuajiri makarani na walinzi, vijana waliitwa kwenye usaili, na kila kijana aliyeitwa alifika kwangu anahema. Nikaweka sheria zangu na sikukubali ubishi. Usaili unataka tai ya bluu isiyo na maua, fundo dogo, ncha iishie kwenye mkanda. Ikipita mkanda utaonekana mlevi, ikiishia tumboni utaonekana umeazima. Msiba unataka nyeusi au bluu nzito, na fundo usilivute mpaka juu, maana mfiwa hana haja ya kujinyoosha. Harusi unaachiwa nafasi, nyekundu au rangi ya dhahabu, tai pana, fundo kubwa linalojaza kola. Mtoto wa kipaimara avae ya mpira, atapumua. Na ukienda kupeleka mahari usivae tai kabisa, kwa sababu wazee wa upande wa binti watadhani umekuja kuwatisha, nao watapandisha idadi ya ng'ombe.

Fundo kubwa alinifundisha Mzee Habimana. Alikuwa Mrundi. Alivuka mwaka wa sabini na mbili akiwa na shati moja na wazimu wa kutosha machoni, kwa jinsi marehemu baba alivyosimulia. Huko kwao alikuwa mwalimu, amesomeshwa na mabruda, na mabruda hao walimfundisha kufunga tai kabla ya kumfundisha hesabu. Alikaa nasi miaka ishirini na mitano. Alipanda kahawa, aliimba besi kanisani, alimzika mkewe pale nyuma ya migomba. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilinyamaza, wala hakuna aliyeitisha mkutano ili tunyamaze.

Nilipomuoa Jovina, ambaye naye alizaliwa ng'ambo, Muyinga, na hakuwa na baba huku, ni Mzee Habimana aliyesimama mahali pa baba. Ndiye aliyepokea pombe ya ndizi kwa niaba ya upande wao, ndiye aliyemshika mkono akamwingiza kanisani. Tangu siku hiyo Jovina alimwita baba, na chakula chake cha Jumapili kilipikwa kwangu.

Sasa tuje kwenye mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa tisini na saba. Wanyarwanda walikuwa wamesharudishwa kwao mwaka uliotangulia, wamebaki Warundi, na redio ikatangaza kwamba kila mgeni anayekaa nje ya kambi aingie kambini. Msako ukaanza. Shida ya msako ule ni kwamba askari walitoka mbali, na masikioni mwao Kihangaza, lugha yetu sisi Wahangaza wa huku, na Kirundi ni kitu kimoja. Watu waliozaliwa hapa, makaburi ya babu zao yapo hapa, walishushwa kwenye baiskeli wakaulizwa wametoka mkoa gani wa Burundi.

Petronila alikuwa amejifungua. Jovina akaenda Nemba kumtazama, amembeba kitindamimba wetu wa miezi saba, amefunga kilo mbili za unga wa ulezi kwenye kitenge. Alikaa siku nne. Siku ya kurudi, Bulugu alimsindikiza mpaka barabarani akampandisha gari. Kwenye kizuizi cha tatu gari lilisimamishwa, wakamuuliza anakwenda wapi. Akajibu. Wakamwambia ashuke, wakampeleka kambini yeye na mtoto.

Habari niliipata baada ya siku mbili, kutoka kwa Bulugu mwenyewe, aliyeendesha baiskeli kutoka Nemba na kufika ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Alilia. Sikuwahi kumwona Bulugu akilia, na nilimchukia kwa kulia kwake kwa sababu mimi nilikuwa sijaanza.

Nilikwenda kambini nikiwa na cheti cha ndoa. Mlinzi wa geti alikitazama akaniambia vyeti siku hizi vinauzwa kama nyanya. Akanieleza utaratibu. Mume aje mwenyewe mbele ya kamati mjini, siku ya Jumanne, aonekane kwamba ni raia, aje na shahidi asiyetiliwa shaka. Kamati ikiridhika itaandika karatasi na mke atatoka. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Alhamisi malori yatawahamisha walioletwa juzi, na yeye hajui yanawapeleka wapi.

Aliniruhusu kuzungumza na Jovina kwenye uzio kwa dakika chache. Alikuwa amekonda usoni. Aliniambia maziwa yamepungua na mtoto anakohoa usiku kucha. Aliniuliza kama Novatus, mtoto wetu wa kwanza, anakwenda shule. Nikamwambia anakwenda, na ilikuwa uongo.

Basi ilikuwa Jumanne au basi tena. Jumatatu sikulala. Jumanne asubuhi na mapema nilivaa suruali yangu ya kitambaa, shati jeupe, koti la harusi, nikatandaza tai zangu zote juu ya cherehani. Bulugu alikaa kwenye benchi na mabuti yake ya mpira, akinitazama. Yeye ndiye angekuwa shahidi wangu, na hapo palikuwa na jambo la kuchekesha kama mtu angekuwa na nafasi ya kucheka. Bulugu amefika mkoa huu juzi tu akifuata majani ya ng'ombe, lakini hakuna askari ambaye angemdhania Mrundi. Mimi niliyezikiwa babu na babu wa babu Kanazi ndiye niliyehitaji kuombewa na yeye.

Nilitaka kumvisha tai. Akakataa, akasema shingo yake haijawahi kufungwa na leo si siku ya kuanzia.

Zangu nilizipima moja moja. Ya bluu ya usaili niliona ni ya mtu anayeomba kazi. Nyeusi, Mungu apishe mbali. Kulikuwa na ya kijani, nayo ilikuwa na doa. Nikachukua ile nyekundu nzito niliyoolea, pana, yenye kung'aa kidogo, nikajiambia kwamba mtu akija kumdai mke wake avae alivyovaa siku ya kumchukua. Nilitaka waniheshimu. Nilitaka nikiingia tu, wanyanyuke kidogo kwenye viti. Nikaanza kufunga na vidole vikanikataa. Nilifunga, nikafungua, nikafunga, ncha ikatoka fupi, nikafungua. Mimi niliyefunga tai za tarafa nzima nilisimama mbele ya kioo nimeshika kitambaa kama mtu aliyeshika nyoka.

Wakati huo Mzee Habimana aliingia kwa mlango wa nyuma. Tangu msako uanze alikuwa anapita migombani tu, sokoni haendi, kanisani haendi.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba." Aliitazama ile tai. "Usivae hiyo, mwanangu. Usivae tai yoyote. Vaa shati na viatu vyenye tope, uende kama mkulima."

Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi ni fundi, si mchunga mbuzi, na kwamba mke wangu hatatolewa na viatu vya tope. Akaniambia polepole kwamba wakubwa wa nchi hii hajawaona wakivaa tai, wamezoea suti zao za Kaunda, na kwamba tai ni mambo ya ng'ambo. Nikamwambia kama amekuja kunivunja moyo arudi migombani. Nilitamka hivyo, kwa mtu aliyemshika mke wangu mkono siku ya harusi.

Hakukasirika. Alisogea, akachukua zile ncha mbili mikononi mwangu, akanifungia yeye. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na aliikaza kwenye kifua changu ili itulie. Alizungusha mara mbili, akapitisha, akashusha, akalibana fundo kwa kidole gumba mpaka likatokea bonde dogo katikati, kama mabruda walivyomfundisha. Lilikuwa fundo zuri kuliko yote niliyowahi kuyafunga mimi. Akasema, "Haya, nenda ukamlete binti yangu."

Tukaenda. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu. Watu waliokaa walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo katika suti ya Kaunda ya rangi ya udongo, kalamu nne mfukoni. Kushoto kwake mama mmoja alikuwa anaandika, kulia kijana wa uhamiaji. Askari mgambo alisimama mlangoni. Hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti. Walinitazama shingoni, wote watatu, kisha wakatazamana.

Bulugu walimalizana naye mapema. Alipofungua mdomo tu wakajua kabila lake. Walimuuliza kitambulisho, akasema, "Mimi sina kalatasi, mkubwa, mimi nina ng'ombe," wakacheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo. Akaeleza kwamba amemuoa dada yangu miaka minane iliyopita, na alipokuja kuposa alimkuta Jovina ndani ya nyumba yangu akiwa mke, ana mtoto. Mama akaandika.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilitaja kitongoji, balozi wa nyumba kumi, jina la baba na la babu. Mwenyekiti alisikiliza huku anachezea kalamu. Nilipomaliza hakuuliza habari za baba wala babu.

Aliniuliza kazi yangu. Nikasema fundi cherehani. Aliniuliza kama mafundi cherehani wa Kanazi huvaa hivi. Nikaanza kueleza habari za usaili na harusi, nikaona naongea sana, nikanyamaza. Yule mgambo wa mlangoni akasema kwamba yeye alikuwa akilinda kule kambini, na viongozi wa wakimbizi wakija kwenye mkutano wa chakula huwa wamevaa hivi hivi, fundo nene hivi hivi, lenye kishimo. Wahangaza wa huku, alisema, anawajua, hawavai hivyo.

Niliona jinsi mama alivyoweka kalamu chini. Nikaelewa wanachofikiri. Walikuwa wanafikiri kwamba mimi ni mmoja wa wakubwa wa kule, nimejipenyeza vijijini, nimejitafutia Msukuma wa kunisemea, na sasa nimekuja kumtoa mke wangu. Kama mimi si raia, Jovina ni mke wa nani? Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Nilisikia kikohozi cha mtoto masikioni kana kwamba yuko chini ya ile meza.

"Nani alikufundisha kufunga hivyo?" mwenyekiti aliuliza.

Ningeweza kusema marehemu baba. Ningeweza kusema padri. Nimekesha mara nyingi nikiyahesabu majina ya marehemu wote ambao ningeweza kuwataja, na marehemu hawahamishwi na lori. Lakini nilikuwa nimeshikwa na hofu, na hofu ilikimbilia kwenye ukweli kwa sababu ukweli ulikuwa karibu, bado una joto la vidole vyake kifuani mwangu.

"Alinifungia mzee mmoja jirani yetu," nilisema. "Mrundi. Anaitwa Habimana. Mimi si Mrundi, yeye ndiye Mrundi."

Chumba kizima kililegea. Hata mgambo aliegemea mlango. Jambo limepata maelezo yake, na kamati ikipata maelezo inafurahi. Mama aliokota kalamu, akaniuliza jina hilo linaandikwaje na nyumba yake iko upande gani wa barabara. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, hata mti wa mlangoni nilimtajia. Bulugu alikuwa anatazama mabuti yake.

Karatasi iliandikwa papo hapo na kugongwa muhuri. Jovina alitoka geti la kambi kabla jua halijazama, mtoto mgongoni. Aliponiona na ile tai nyekundu alicheka huku machozi yanamtoka, akaishika, akasema nimependeza. Tulirudi kwa miguu watu watatu na mtoto. Bulugu, ambaye kwa kawaida huwezi kumnyamazisha, alitangulia peke yake hatua ishirini mbele yetu njia nzima. Alilala kwetu, na alfajiri niliwasikia yeye na Jovina wakiongea nje kwa sauti ya chini wakati anafunga mzigo kwenye baiskeli. Nilidhani wanaongea habari za mtoto wa Petronila.

Alhamisi, saa nne asubuhi, pikapu lilikuja Kanazi. Mzee Habimana walimkuta kwenye kahawa yake. Aliwaomba avae koti, wakamruhusu. Nilikuwa chini ya cherehani, najifanya natengeneza mkanda wake, na mkanda ulikuwa mzima. Nilisikia Jovina akipiga kelele, nikasikia miguu yake ikikimbia barabarani, nikasikia gari likibadilisha gia kupanda kilima. Novatus aliingia akaniambia baba, wamemchukua babu. Nikamwambia nimesikia.

Jovina aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini. Nilimwambia kwamba bila shaka kuna mtu sokoni aliyemwaga mtama, siku hizi watu wabaya wamekuwa wengi. Alinitazama, akafuta tope magotini kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema, "Wewe pale ofisini wanakujua. Jumanne nenda ukawaambie ni mtu wetu. Wewe ndiye unayeweza."

Alirudia maneno hayo kila siku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, bila kupandisha sauti. Wewe ndiye unayeweza. Nilidhani ni kwa sababu ananiamini.

Jumanne nilikwenda. Safari hii sikuvaa tai wala koti. Nilivaa shati la shambani na viatu vyenye tope, kama alivyoniambia yeye. Niliwakuta watatu wale wale na mgambo yule yule. Niliwaambia kwamba wiki iliyopita nilikosea, nilichanganyikiwa kwa sababu ya mke na mtoto, kwamba Habimana ni Mhangaza wa Kanazi kama mimi, kijiji kizima kitathibitisha. Nilisema hayo nimesimama, kofia mkononi.

Mwenyekiti hakuwa mtu mkali. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali. Alimwomba mama jalada, akalifungua, akaligeuza upande wangu ili nione maandishi ya siku ile.

"Wiki iliyopita ulisema kitu kimoja, leo unasema kingine," alisema. "Chagua wewe. Kama wiki iliyopita ulisema kweli, mzee abaki kambini na wewe nenda nyumbani. Kama ulisema uongo, basi yote uliyosema siku ile ni uongo, na ile karatasi ya mke wako iletwe hapa, na mwenye karatasi aje nayo. Niandike lipi?"

Akaniwekea kalamu tayari juu ya karatasi, anasubiri. Nje mvua ilikuwa imeanza. Nilimfikiria Jovina kwenye uzio na uso wake ulivyokonda. Nilimfikiria Mzee Habimana akikaza mikono yake kifuani mwangu. Mgambo akakohoa.

"Andika nilisema kweli," nikasema.

Akaandika. Akaniambia nipite salama, njia ina utelezi.

Nilitembea kwa makusudi polepole. Nilijifunza maneno ya kumwambia Jovina, nikayapanga, nikayapangua. Nilipofika juu ya kilima, mahali ambapo unaziona nyumba zetu zote, niliona moshi unatoka kwenye nyumba ya Mzee Habimana. Nilifurahi kijinga. Nilidhani wamemwachia kwa njia nyingine, kwamba kuna mkubwa amepiga simu, kwamba Mungu ameingilia kati bila kunisubiri mimi. Niliteremka nikikimbia, nikaanguka mara mbili.

Alikuwa Jovina. Alikuwa amefagia nyumba, amechota maji mtungi mzima, amekitandika kitanda cha mzee kwa shuka letu. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni. Mtoto amelala kwenye mkeka karibu na moto, na kikohozi kilikuwa kimepungua. Alinyanyuka aliponisikia, akatazama nyuma yangu, kwenye njia.

"Anakuja nyuma?" aliuliza.

Nikamwambia ofisi ilikuwa imefungwa.

Aliuweka mwiko, akakaa kwenye kigoda cha mzee. "Baba Novatus," alisema, "Bulugu aliniambia alfajiri ile alipoondoka. Nilimwambia baba ajifiche, akasema amechoka kukimbia. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima, nikisubiri uende ukayarekebishe mwenyewe, nisikuaibishe."

Hapo nilimweleza yote, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuficha tena. Nilimweleza habari za mgambo na fundo, za kalamu, na za ile karatasi yake. Nilimwambia kwamba akienda yeye kumtetea watamrudisha ndani, yeye na mtoto, na safari hii hakuna wa kumtoa, na malori yapo.

"Najua," alisema.

"Sasa utakwenda kufanya nini?"

"Nitawaambia kule getini kwamba yule ni baba yangu. Wakitaka kuniweka alipo baba yangu, waniweke."

Alisema hivyo kwa utulivu, huku akimfunika mtoto miguu. Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye sakafu aliyoifagia, nikamshika nguo, nikamkumbusha Novatus, nikamwambia kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa ajili yake, na nilipolitamka hilo nililisikia lilivyo. Hakunisukuma. Alisubiri nimalize, kisha akafungua ncha ya kitenge chake, akaitoa ile karatasi yenye muhuri, akaikunjua kuona kama haikulowana, akaifunga tena mahali pake.

"Mimi na mtoto tutatoka alfajiri," alisema. "Nakwenda kufunga nguo zake. Wewe angalia maharage, Novatus hajala."

Akambeba mtoto akatoka. Nilibaki peke yangu katika nyumba ya mtu niliyemtaja, nikachochea moto wake mpaka maharage yakaiva.